Saa Mgongoni mwa Karata

Turkana Kaskazini
Jumapili, 18 Februari 2024

Kwako Omollo,

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Mtandao hapa unapatikana juu ya mlima tu, na mlima wenyewe umejaa nge. Nilipanda mara moja nikakupigia, kumbe uko kwa mashine unachapisha kadi za harusi za watu, hukusikia. Nikashuka na hasira na kiatu kimekatika. Kwa hivyo tutaandikiana. Kituyi, dereva wa lori linalotuletea dawa, atapitia dukani kwako mtaani West Indies kila akija Eldoret kupakia. Mpe chai na mandazi. Mtu aliyeshiba hapotezi barua.

Katika kituo hiki niko mimi na muuguzi mwenzangu mmoja, na wanawake wanaotembea kutwa nzima kuja kujifungua. Joto la hapa sijui nikueleze vipi. Nakumbuka baridi ya Eldoret ya asubuhi, ulipokuwa ukinivisha koti lako halafu unaniambia husikii baridi, na meno yanagongana. Nimekukosa sana, na sioni haya kulisema.

Kuna jambo nataka unifanyie. Diana, mke wa ndugu yangu Kipyego, ananiambia Baba ameanza kusahau. Eti alimwita mbwa kwa jina la mjomba aliyekufa. Diana huongeza chumvi, unamjua, na Baba mwenyewe nikimuuliza anasema yuko sawa kabisa. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na wameniomba niongeze miaka miwili. Kama Baba ni mzima nitaongeza, kwa sababu nikiondoka anabaki muuguzi mmoja. Kama akili yake inaondoka, narudi nyumbani mara moja nikae naye angali ananitambua. Hilo ndilo ninaloogopa, Omollo: nifike nimechelewa, aniulize mimi ni nani.

Nenda kwetu Soy Jumapili baada ya ibada, ucheze naye karata. Usicheke. Ni mzee wa kanisa, lakini karata anazipenda tangu ujana, na huzicheza ndani ya stoo ya mahindi ili mchungaji asimwone. Mtu anayepoteza kumbukumbu hawezi kushinda, maana hakumbuki nani ameangusha nini. Akishinda nitajua ni mzima. Najua alikataa posa yako mwaka jana, akasema hamjui Mjaluo, mtu wa ziwa. Basi nenda akujue.

Wako,
Jemutai


West Indies, Eldoret
Jumatatu, 4 Machi 2024

Nyar Soy,

Mamangu anasema nikuite hivyo, binti wa Soy, kwa sababu sisi huwaita wake zetu kwa mahali walikotoka. Nikamwambia bado hujawa mke. Akasema jina likitangulia, mwenyewe atafuata.

Nimeenda Soy mara mbili. Mara ya kwanza Mzee alinisalimia akaniacha nimesimama uani na kuku. Nikamwambia nimesikia kuna mtu anayejua karata katika boma hili. Akaangalia barabarani kama mchungaji anapita, akanifungulia stoo. Tulikalia magunia. Hatuchezi pesa, tunacheza punje za mahindi, na rafiki yake Kipngetich huwa anahesabu zake mara tatu kana kwamba atazipeleka benki.

Unaujua mchezo wao. Anayebakiza karata moja lazima atangaze "niko kadi", la sivyo ushindi wake hauhesabiwi. Mzee alisahau kutangaza mara mbili. Lakini hata mimi husahau, kwa hivyo usiweke hilo moyoni. Alishinda kiasi, akashindwa kiasi. Nipe Jumapili zingine mbili tatu kabla hujaamua chochote.

Jumamosi nilikuwa na onyesho la mazingaombwe katika shule moja ya Munyaka. Msichana wa darasa la tatu alichagua karata, akaikumbatia kifuani nisiione, nikamwambia ni tisa ya kopa. Darasa zima likapiga makofi isipokuwa yeye. Akaniambia, "Uliangalia mgongo wake." Miaka yote hii hakuna mwalimu aliyewahi kunikamata. Nikampa soda anyamaze. Nilipomsimulia Mzee hadithi hiyo alicheka hadi machozi, akataka nimfanyie na yeye, nikamfanyia. Akauliza siri yake. Nikamwambia siri ya kazi haisemwi.

Jioni nikifunga duka huwa napitia pale ulipokuwa unanunua ndizi. Yule mama ananiuliza uko wapi. Namwambia unakuja. Sijui kwa nini namdanganya mtu wa ndizi.

Wako,
Omollo


Soy, tarehe 20 mwezi wa tatu

Kwa kijana Omollo,

Salamu. Nampa huyu wa gari la maziwa akuletee, kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwa simu. Nyumba ina masikio, na ya Diana ni makubwa.

Wewe si mjinga na mimi si mjinga. Umeona. Jumapili nilishika karata nikasahau zamu ni ya nani, ukajifanya unafunga kamba ya kiatu ili nipate nafasi ya kufikiri. Nakushukuru. Baadaye Kipngetich alipoenda ukanionyesha siri yako, ile nukta ndogo ya wino kwenye duara la mgongo wa karata, na namna inavyokaa kama mshale wa saa kuonyesha namba. Nimeifikiria wiki nzima.

Asubuhi niko sawa. Mchana maneno yanatoka moja moja, kama kuku walioona mlango wazi. Nilienda kwa daktari peke yangu. Aliniambia jina la ugonjwa na nimelisahau. Ukitaka cheka, mimi mwenyewe nilicheka.

Sasa sikia. Jemutai ndiye alikutuma, hilo najua. Mama yake alifia juu ya trekta tukimpeleka kujifungua, kwa sababu zahanati haikuwa na mtu. Nilimsomesha huyu msichana ili mke wa mtu mwingine asife hivyo. Siwezi kuwa ndiye ninayemtoa huko. Akisikia nimeharibika atarudi, atanilisha kwa kijiko, na siku moja nitamwita kwa jina la ng'ombe. Afadhali akae mbali anikumbuke nikiwa mtu.

Lete hizo karata zenye alama. Kipngetich humpelekea Diana habari, na Diana humpelekea Jemutai. Nataka wote waone nashinda. Nikiona mgongo nikajua mwenzangu ameshika nini, sina haja ya kukumbuka. Lakini rekebisha alama zako. Uliziweka kwa saa ya kizungu. Mimi nukta ikikaa pale kwa saba nasoma saa moja, kama mtu yeyote wa maana.

Kuhusu binti yangu, nilikukataa kwa sababu sikukujua. Sasa nakujua kidogo. Mavuno yakiingia, leta wazee wako. Hili nalisema asubuhi, nikiwa sawa. Na usifikiri ni bei ya karata. Hata ukikataa karata, wazee walete.

Usimwambie Jemutai. Mwanamume hutunza neno alilopewa.

Ni mimi,
Kipkirui


West Indies, Eldoret
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Nyar Soy,

Baba yako anashinda. Jumapili tatu mfululizo ametunyoa mimi na Kipngetich bila maji. Kipngetich amenuna, anasema Mzee amepata roho nyingine uzeeni. Jana alisimama akatangaza "niko kadi" kwa sauti ambayo mchungaji angeisikia huko madhabahuni. Diana alichungulia mlangoni akatikisa kichwa.

Amekubali pia kuwapokea wazee wangu mavuno yakiingia. Alilisema mwenyewe, sikumwomba. Nilidhani siku nitakayokuandikia habari hii nitaruka ukuta kwa furaha, na hapa nilipo nimekaa tu na kalamu.

Ulisema utaamua kwa habari zangu. Basi nami nikuombe kitu kimoja: usiamue kwa karata peke yake. Kama roho yako inataka kurudi, rudi. Huhitaji sababu ya ugonjwa wa mtu ili urudi nyumbani. Mvua imeanza, watu wanapanda, na mji wote unanuka udongo. Nimenunua blanketi la pili nikalirudisha dukani, kwa maana nililinunua kwa ajili yako na hupo. Rudi tu, Jemutai. Hilo nalisema mimi, si mtu mwingine.

Wako,
Omollo


Turkana Kaskazini
Jumapili, 12 Mei 2024

Omollo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha lori, Kituyi akinidai maji ya kunywa. Nimeisoma tena na tena. Baba anashinda, na amekubali. Nilimkumbatia Kituyi na jasho lake lote, na sasa anadhani nina wazimu.

Nimetia sahihi miaka miwili. Usikasirike. Najua uliniomba nirudi, na mstari ule wa blanketi umenitoa machozi mbele ya wagonjwa. Lakini wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja amebebwa na shemeji zake, mtoto amelala vibaya tumboni. Wote wawili wako hai. Wamemwita mtoto Esther, jina langu la ubatizo. Ningekuwa Soy nikimpikia Baba uji ambao hauhitaji, huyo mama angekufa. Naweza kuvumilia kukukosa kwa sababu najua nyumbani kuko salama, na najua hilo kwa sababu wewe ndiye umeniambia. Wengine wote wananipa maneno. Wewe umenipa jibu.

Nitakuja Desemba kwa ajili ya wazee wako. Tutafanya harusi ndogo, na kadi utachapisha mwenyewe bila kulipwa. Usiku mwingine nalala nje kwa joto, natazama nyota na kukutukana kwa kutokuwa hapa. Nenda kalinunue lile blanketi tena. Litunze.

Wako daima,
Jemutai


West Indies, Eldoret
3 Juni 2024

Kwako Mzee Kipkirui,

Shikamoo Mzee. Naandika kwa heshima, na naandika hili kwa sababu nikiwa mbele yako nashindwa.

Binti yako ametia sahihi miaka miwili. Ametia kwa sababu ya neno langu. Mzee, mimi nataka arudi kuliko ninavyotaka chochote duniani, na kila Jumapili unaposhinda namfukuza zaidi. Jana ulitangaza "niko kadi" ukiwa na karata nne mkononi. Kipngetich alinyamaza, nadhani kwa huruma.

Naomba uniruhusu nimwambie. Akichelewa kukuona ukiwa mzima hatatusamehe, wewe wala mimi. Ukisema hapana nitatii, kwa sababu nilikuahidi. Lakini naomba.

Mimi mwanao,
Omollo


Soy

Kwa kijana Omollo,

Nimepata barua. Nampa huyu wa maziwa akuletee kwa sababu nyumba ina masikio. Hapana. Usimwambie. Atarudi.

Jumapili hukuja. Diana anasema ulikuja. Karata naziona. Nukta naiona vizuri, macho yangu hayana shida, lakini saa inakataa kusomeka. Nakaa nayo mkononi nasema sasa hii ni saa ngapi. Ukija utanisomea polepole.

Mwambie mama Jemutai trekta imetengenezwa. Nampa huyu wa maziwa akuletee.

Jumapili njoo.

Kipkirui


Soy
Jumapili, 1 Septemba 2024

Omollo,

Niko nyumbani tangu wiki iliyopita. Najua umesikia, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa waliomtafuta. Baba aliondoka Jumanne amevaa nguo za kanisa na kiatu kimoja cha gambuti, wakampata kesho yake Moi's Bridge kwenye ngazi za kanisa lisilo lake, akimngoja Mama. Kipyego alitembea barabara nzima akiuliza watu. Diana alinitafuta kwa redio ya kituo, nikasafiri na Kituyi hadi Lodwar.

Nilipofika aliniita Daktari. Amenishukuru kwa kuja. Ananipisha mlangoni kwa adabu kama mgeni wa serikali. Nimemwambia mimi ni Jemutai, akasema Jemutai ni jina zuri, na yeye ana binti wa jina hilo.

Jana nilimpeleka stoo nikafikiri karata zitamrudisha. Niligawa. Hakuangalia zake. Aliangalia mgongo wa ile niliyoshika mimi, akaweka kidole, akasema, "Hii ni saa tatu." Nikaigeuza. Ilikuwa tatu. Akaenda ya pili, akahangaika sana, akasema saa kumi. Ilikuwa nne. Ya tatu alianza kulia. Nikazipeleka dirishani moja moja, nikaona nukta zako.

Sisi wauguzi humpa mgonjwa wa namna hii karatasi tukamwambia achore saa. Ni kipimo tunachofundishwa. Mimi niliacha kipimo cha shule nikachagua karata, nikamkabidhi mtu wa mazingaombwe awe msimamizi. Ujinga huo ni wangu na nitaubeba. Lakini wewe uliijua hofu yangu. Niliiandika kwa mkono wangu, ukaisoma, halafu ukakaa chini na kalamu ya wino ukanichorea baba mzima.

Wale watoto wa Munyaka wanajua umekuja kuwadanganya, wanakulipa kwa hilo, wanacheka. Mimi sikujua niko kwenye onyesho.

Na sasa najiuliza ile ndiyo aliyokupa. Mtu asiyejua zamu ni ya nani, alijuaje anampa nani binti yake? Ulimwachia ashinde punje za mahindi ili nawe ushinde kitu kikubwa zaidi? Niambie wazo lilikuwa la nani. Neno moja tu nataka, halafu usije hapa tena.

Jemutai


West Indies, Eldoret
Jumatano, 4 Septemba 2024

Jemutai,

Umeuliza wazo lilikuwa la nani. Karata ni zangu, wino ni wangu, mkono ulioweka nukta ni wangu. Weka lawama yote kwangu.

Sikumpa Mzee karata ili nipate kibali chake. Sina namna ya kulithibitisha, kwa hivyo silitetei. Kama hutaki hesabu ya ndiyo yake, usiihesabu. Nimewaambia wazee wangu wasijiandae.

Kitu kimoja naomba uniamini, hata kama mengine yote hutayaamini. Sikukosa kukutaka. Nilipoandika urudi, nilikuwa nalia juu ya karatasi kama mjinga, nikaiandika upya kwa sababu wino ulisambaa. Ningesema neno moja tu ungekuwa hapa mwezi wa tano, na Mzee angekuita kwa jina lako. Kila asubuhi nafungua duka na neno hilo bado liko mdomoni.

Asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Kabla ya chai, kabla jua halijafika kwa mlango wa stoo. Ukitaka kuongea naye, ongea wakati huo. Usimsahihishe. Akikuita Daktari, itika. Uji anaupenda wa wimbi, usiwe mzito, na akikataa kula mwambie ni wa Kipngetich, ataumaliza wote. Hupenda kusomewa Zaburi lakini si zile za maadui. Akiuliza trekta, sema imetengenezwa.

Sitakuja. Nimeelewa.

Omollo


Soy
Jumapili, 24 Novemba 2024

Kwako Omollo,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Mahindi yameingia. Stoo imejaa, hakuna nafasi ya kukaa, na Baba amehamia kiti cha verandani. Mkataba nimeuvunja. Wamepata muuguzi wa kuchukua nafasi yangu, kijana wa kwao mwenyewe, na Kituyi ameniambia Esther mdogo ameota meno.

Nilifuata maagizo yako yote kwa hasira. Uji wa wimbi, kumbe kweli. Zaburi, kumbe kweli. Kila kitu ulichoandika kilikuwa kweli, na kadiri kilivyozidi kuwa kweli ndivyo nilivyozidi kukuchukia, kwa sababu hizo asubuhi zilikuwa zangu na wewe ndiye ulikuwa unazijua.

Hujui alivyokuwa akikuuliza. Kila Jumapili baada ya chai alivaa kofia akaenda kusimama langoni. Ananiuliza, "Daktari, yule kijana wa karata hajafika?" Namwambia yuko njiani. Anasimama hadi miguu inachoka, namrudisha. Sikukuambia. Nilitaka uumie kwa kutoitwa, na yeye ndiye nilimwumiza.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai kama ulivyosema. Nilikuwa namkata kucha. Akanishika mkono akasema ana neno la kumwambia daktari, kwa kuwa daktari hutunza siri. Akasema ana binti Turkana anayezalisha akina mama, na binti huyo hajui kuwa baba yake anapotea. Nikamuuliza kwa nini hajui. Akasema, "Nilimwomba kijana anisaidie asijue. Alikataa. Nikamkazia." Akaendelea, "Alilia, Daktari. Mwanamume mzima, alilia hapo kwa magunia. Alikuwa anamtaka arudi kuliko mimi. Lakini alitunza neno langu."

Nikaendelea kukata kucha kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi. Nikamuuliza, kama mgeni, kama huyo kijana alimpa binti yake. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kipumbavu. Akasema alimpa kabla ya karata, akiwa na akili zake zote, na kwamba akisahau yeye, wengine wasisahau. Halafu chai ikaja, na mimi nikawa tena mtu wa serikali.

Nilikuuliza wazo lilikuwa la nani, ukajitwisha. Ungeniambia ni Baba, ningekuamini siku hiyohiyo. Uliogopa nitamkasirikia yeye, na yeye hana tena akili ya kukasirikiwa. Basi ukaona afadhali nikuchukie wewe kuliko niketi na Baba nikiwa na kinyongo. Nimekaa naye miezi hii mitatu bila kinyongo hata kidogo. Sasa najua nani alinilipia.

Sisemi umefanya vizuri. Nilipoteza asubuhi ambazo hakuna mtu atanirudishia, na kuna siku nitakukumbusha hilo kwa sauti kubwa, ujiandae. Bado ninaumia nikisikia jina langu likitajwa mbele yangu kama la mtu aliye mbali. Lakini nimechoka kuumia peke yangu upande huu, na najua nawe unaumia peke yako huko West Indies, nyuma ya mashine, ukichapisha majina ya watu wawili wawili.

Tangu Jumapili mbili zilizopita Baba haendi tena langoni. Nilimvika kofia akaivua. Nilimtajia jina lako akatabasamu tu, kama mtu anayetajiwa mji asiowahi kufika. Nilifikiri nitapumzika siku atakapoacha kuuliza. Leo watu wametoka kanisani, chai imeisha, nimejikuta nimesimama langoni mwenyewe, natazama barabara.

Yeye amekusahau, Omollo. Sasa anayekuuliza ni mimi.

Jemutai